Kigari cha Damu ya Mzee

Kuna wakati kucha moja ya mume wangu iliogopwa Tunduma nzima. Ni ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Aliiacha ndefu kidogo na kuichonga pembeni ipate ncha. Akiikandamiza kwenye ukingo wa mlango wa gari, au chini ya mpira wa kioo, alikuambia papo hapo kama rangi hiyo ni ya kiwandani au imepigwa uchochoroni. Rangi iliyochomwa kwenye tanuru la kiwanda huikataa kucha. Rangi ya juzi huipokea.

Jina lake Ezron. Alizaliwa milimani Ileje, kwa watu wa kahawa na kanisa, akashuka Tunduma mwaka 1986 akiwa na suruali mbili na hamu ya kushika kitu chochote kinachong'aa. Ndiyo miaka ambayo biashara ilianza kuachiwa pumzi na magari yakaanza kumiminika kupitia Nakonde, upande wa Zambia, mengine na karatasi zake, mengine yameibwa huko kusini na kubadilishwa rangi njiani. Alijifunza kupiga puti, kupiga msasa, kupiga rangi. Kisha akajifunza kile ambacho wenzake hawakukitaka, kusoma rangi ya mwenzake. Kufikia mwaka 2003 alikuwa na karakana yake Mpemba, na hakuna mtu aliyenunua gari bila kumwita kwanza.

Mimi ni Tabita, mke wake, mama wa mwanawe Lucky. Nimezaliwa Kitwe, Zambia, kwenye nyumba za wachimba shaba, baba yangu alikuwa mmoja wao. Nayasimulia haya kwa sababu Ezron hayasimulii, na kwa sababu nimechoka kusikia watu wakimsifu kwa jicho lake. Jicho lake nalijua. Nimelala nalo kitanda kimoja.

Sasa, zamani hizo wanaume wengi wa Ileje walikwenda migodini Kitwe na Mufulira. Wengine walishuka chini ya ardhi, wengine walipika na kufua kwa wazungu. Wazungu walipofungasha kurudi kwao, waliacha vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku. Miongoni mwavyo ni vigari vya watoto, vya chuma, vilivyotengenezwa Uingereza, vidogo hata ukikifumba kimoja mkononi hakionekani. Watumishi walivichukua wakavileta nyumbani. Vikakaa kwenye makabati ya vyombo huko Isongole, milimani Ileje, kwa miaka arobaini, karibu na picha ya harusi, na mtoto aliyevigusa alichapwa.

Aliyegundua kwamba vina thamani ni Lusubilo, mfanyabiashara wa hapa hapa, mwenye ghala karibu na maegesho ya malori. Alikutana na mzungu mmoja wa Afrika Kusini aliyekuwa akipita mara mbili kwa mwaka kuvinunua. Mimi nilicheka sana. Watu wazima na ndevu zao, huko duniani, wanagombania midoli! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kigari cha rangi ya kawaida kilikupa mbuzi. Kigari hichohicho, kikiwa na rangi ambayo kiwanda kiliipaka kwenye vichache tu kisha kikaacha, kilikupa ng'ombe.

Ukishawaambia watu hivyo, unategemea nini? Wakaanza kupaka. Vigari vya kijani vikaamka vya njano, vya bluu vikaamka vya zambarau. Mzungu akauziwa kimoja, akakipeleka kwao, na safari iliyofuata alikirudisha na kumtupia Lusubilo usoni mbele ya madereva na wapakizi. Kilimpasua juu ya jicho. Lusubilo alijifuta damu, akatabasamu, akamsindikiza mgeni wake mpaka mpakani. Aliporudi alimwita mume wangu.

"Fundi, wewe utakuwa unanisomea. Neno lako ndilo la mwisho."

Mlangoni mwa ghala akaweka kipande cha reli, na juu yake nyundo ya kilo mbili. Yeyote ambaye angeleta kigari kilichopakwa angeacha kidole gumba hapo. Hakuficha, alitangaza. Watu walidhani anatania.

Wa kwanza kujua kwamba hatanii alikuwa jamaa mmoja wa Msangano aliyeleta kigari cha njano. Nilikuwa nimempelekea Ezron chakula cha mchana, kwa hiyo niliona mwenyewe. Ezron alikandamiza kucha, ikazama. Akachovya tambara kwenye petroli, akasugua, tambara likatoka la njano. Akasema neno moja, "Imepakwa," kisha akageuka kuosha mikono kwa thina, akiwapa mgongo. Wapakizi wawili wa Lusubilo walimshika yule jamaa. Nyundo ilishuka mara moja. Nilisikia mlio ambao mpaka leo nikivunja kuni kavu unanirudia. Ezron alikuwa bado anaosha mikono, kidole kimoja kimoja, taratibu, kama daktari.

Siku hiyo nyumbani sikumwekea chakula.

"Baba Lucky, ulikuwa unajua watamfanya vile?"

"Mimi sipigi mtu. Mimi natazama rangi."

"Wewe unasema, wao wanapiga."

"Alipaka au hakupaka?"

"Alipaka."

"Basi."

Nilimchukia kwa lile neno basi. Na nitasema ukweli, nilimchukia huku nikila mkate wa kazi ile, nikivaa kitenge cha kazi ile. Baada ya yule wa Msangano walifuata wengine wanne. Vigari vya uongo Ezron alikuja navyo nyumbani akavitia kwenye kopo chini ya kitanda, awe anavitazama na kujifunza walivyofanya. Hakukosea hata mara moja. Hilo ndilo lililomharibu, kwa sababu mtu asiyekosea anaacha kusikiliza.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba akaja Efraimu. Alikuwa mpasua mbao wa Isongole, mrefu, mikono kama miiko ya kusongea ugali, mtu wa miaka thelathini na kitu. Alisimama kwenye foleni kwa adabu. Zamu yake ilipofika alifungua leso, ndani yake leso nyingine, na ndani yake kigari cha rangi ya damu ya mzee.

Watu walisogea karibu. Vigari vya aina hiyo tulivyowahi kuviona vilikuwa vya kijani. Hiki kilikuwa kimeiva rangi yake, kizito, kinang'aa. Lusubilo alinyanyuka kwenye kiti.

"Umekitoa wapi?" akauliza.

"Cha marehemu baba, mzee Osea. Alikuja nacho toka Kitwe kabla mimi sijazaliwa. Mama alikuwa hataki kitoke. Upepo umeng'oa paa, sasa kakubali."

Ezron alikipokea. Alikigeuza juu chini akatazama ribiti mbili za chini, zile zinazoshikilia tumbo la kigari. Kiwandani hupaka kwanza, ndipo hugonga ribiti, kwa hiyo ribiti ya kweli haina rangi. Hizi zilikuwa zimezungukwa na wekundu, kama kitu kilichotiririka kikagandia hapo. Akakandamiza kucha kwenye ukingo wa mlango. Ikaingia, kidogo tu. Akachovya tambara, akasugua mgongo wa kigari mara tatu.

Tambara likatoka jekundu.

"Imepakwa," alisema.

"Fundi!" Efraimu alicheka kwanza, kama mtu aliyesikia utani. "Fundi, tazama tena. Hakuna aliyekigusa hicho zaidi ya mama. Kila Jumamosi anakipangusa anapopangusa sakafu. Toka nina akili namwona. Hakijawahi kuona brashi, naapa!"

Mume wangu alishageuka. Alishachukua chupa ya thina.

Nilisimama nimeshika sufuria ya chakula chake cha mchana. Ningeweza kusema kitu, kwa sababu maneno yale yalinigusa mahali, sikujua ni wapi. Sikusema. Wapakizi walimrukia Efraimu, naye hakuwa mtu mdogo. Mmoja alirushwa kwenye magunia. Ndipo wakaongezeka, wakawa watano, sita, hata wengine waliokuwa kwenye foleni na vigari vyao mfukoni walijitosa kumpiga, nadhani ili waonekane wasafi. Walimpiga kwa mkanda wa feni, kwa mateke, kwa ubao. Jino lake lilidondoka karibu na mguu wangu. Walimburuta mpaka kwenye reli, na kwa kuwa alikuwa amewapa kazi, hawakuishia kwenye gumba. Nyundo ilishuka mara tatu. Ya kwanza alipiga kelele kumwita mama yake. Ya tatu hakupiga.

Dereva mmoja wa lori, Seleman, mtu wa Tanga, aliruka kutoka kwenye gari lake akipayuka, "Nyie mnaua mtu! Hamna Mungu nyie?" Mkanda wa feni ukampiga usoni kutoka sikio mpaka kidevu. Hakurudi nyuma. Alimwinua Efraimu damu zikimtiririkia, akamlaza kwenye kiti chake, akawasha lori na kontena lake lote nyuma, akaenda hospitali. Lusubilo alikipiga teke kile kigari. Kilibingirika hadi miguuni kwa Ezron. Ezron akakiokota, akakiviringisha kwenye tambara, akatia mfukoni mwa ovaroli. Kwa ajili ya kopo lake.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Jumamosi ni siku yangu ya kufua na kung'arisha sakafu, kama mama alivyonifundisha Kitwe. Kule mwanamke alipimwa kwa sakafu yake. Saruji ilipakwa nta nyekundu ya kopo, ikasuguliwa kwa magoti hadi ujione uso, na si sakafu tu. Nta ikibaki kwenye tambara ulipitisha kwenye miguu ya meza, kwenye vizingiti, kwenye chochote ulichotaka kidumu. Watumishi waliofunzwa na wazungu walirudi nayo tabia hiyo mpaka milimani kwao.

Nilikuwa nimeshafungua kopo la nta na harufu yake imejaa chumbani. Nikachukua ovaroli, nikapekua mifuko, nikatoa lile tambara. Nikalileta puani, sijui kwa nini. Wanawake tunanusa nguo kabla ya kuzifua, ndiyo desturi.

Petroli ilikuwa imeruka usiku kucha. Kilichobaki kilikuwa kilekile kilichokuwa kwenye kopo langu.

Nilikaa chini. Nilinusa kopo, nikanusa tambara, nikanusa kopo tena. *Kila Jumamosi anakipangusa anapopangusa sakafu.* Miaka arobaini ya Jumamosi! Nilichemsha maji, nikatia sabuni, nikakitumbukiza kigari. Utando mwekundu ukapanda juu ya maji ukaelea kama mafuta ya mchuzi. Nilipokitoa, ribiti zilikuwa nyeupe, safi, hazijaguswa tangu zigongwe Uingereza. Na rangi ilikuwa palepale. Damu ya mzee, ngumu, baridi.

Ezron alikuwa uani akinoa kisu. Nilimwekea kigari mkononi, na kopo la nta, na tambara.

"Kandamiza kucha yako," nilimwambia.

Alikandamiza. Kucha iliteleza. Alikandamiza tena kwa nguvu, ikavunjika nusu, ikatoa damu, na rangi haikupata hata mkwaruzo. Akanusa tambara. Akanusa kopo. Nikaona uso wake unabadilika polepole, kuanzia mdomoni. Akaenda kwenye ukuta wa choo akatapika.

"Uliwahi kunusa hata siku moja?" nilipiga kelele, majirani wasikie, sikujali. "Unaangalia, unakwaruza, unasugua! Mtu anakuapia kwa mama yake, unaosha mikono! Ungeniuliza mimi. Nilikuwa nimesimama pale na ugali wako!"

Alijifuta mdomo kwa kiganja. Na mimi nilikuwa najua kwamba hata mimi nilisimama pale na sikusema, kwa hiyo kelele nyingine zilikuwa zangu mwenyewe.

Alikwenda kwa Lusubilo mchana huohuo, akamweleza yote. Lusubilo alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha macho yake yakawaka.

"Kwa hiyo ni cha kweli? Basi kilete, fundi. Mgeni anafika Jumanne."

"Na mkono wa mtu?"

"Mkono haurudi, mukwai, bwana wangu. Kigari kinauzika."

Ezron alimwambia kigari kina mwenyewe. Lusubilo aliacha kutabasamu. Nilimpokea mume wangu jioni akiletwa kwenye mkokoteni wa matofali, jicho limeziba, mbavu mbili zimevunjika, midomo kama ini. Walimuuliza kigari kiko wapi mpaka wakachoka. Aliwaambia amekitupa chooni. Kigari kilikuwa kwenye debe langu la unga. Tusimwonee mtu haya, sikumhurumia usiku ule. Nilimkanda kwa maji ya chumvi nikasema moyoni, hivi ndivyo inavyouma, baba Lucky.

Wiki tatu baadaye Efraimu aliruhusiwa kurudi nyumbani. Seleman ndiye aliyetuletea habari, uso wake umeshonwa. Daktari alikuwa ameondoa gumba na vidole viwili.

"Shemeji," aliniambia, "yule kijana kazi yake ni msumeno."

"Tupeleke," Ezron alisema.

Seleman aliazima gari dogo la rafiki yake. Njia ya Isongole ilikuwa vumbi tupu, na kila shimo lilimtoa Ezron mlio kwa zile mbavu. Miguuni alikuwa na mfuko wa saruji uliokunjwa. Sikumuuliza una nini. Nilijua uzito wake kwa jinsi ulivyogonga bati la gari.

Nyumba ya mama Roda, mama yake Efraimu, nusu ilikuwa na bati, nusu ina turubai. Alikuwa ajuza mfupi, mgongo umepinda. Alitukaribisha kabla hajajua sisi ni nani, akatuletea vigoda. Sakafu yake ilikuwa nyekundu, inang'aa kiasi kwamba nilivua viatu bila kuambiwa. Efraimu alikuwa ameketi ukutani, mkono umefungwa bandeji kama mzinga wa nyuki. Alipomwona Ezron hakusimama. Alipumua tu kwa pua, kwa nguvu.

Ezron alipiga magoti. Alitoa kigari akakiweka sakafuni mbele ya mama.

"Mama, mimi ndiye fundi. Kijana wako alisema kweli. Mimi nilikosea."

Mama Roda alikichukua. Alikigeuza, akakisogeza karibu na macho, akapitisha kidole mgongoni mwake. Nilidhani atalia kwa ajili ya mwanawe. Aliuliza jambo jingine.

"Nani amekiosha?"

"Ni mimi, mama," nikasema.

"Nta ya kwanza aliipaka Osea mwenyewe. Mimi niliongezea tu juu yake." Alikifuta na kitambaa chake cha kichwa, akijaribu kurudisha kitu ambacho nilikimwaga uani na maji ya sabuni. "Ilikuwa humu."

Sina aibu ninayoijua kubwa kuliko ile.

Ezron alifungua mfuko wa saruji. Akatoa nyundo ya kilo mbili ya karakanani kwake, kama ile ya Lusubilo, akaisukuma hadi kwa Efraimu. Kisha akalaza mkono wake wa kulia sakafuni, kiganja chini, gumba limenyooka, kucha yake imeota tena nusu.

"Fundi, acha hayo!" Seleman alisema kutoka mlangoni. "Tukae tuongee, tulipe gharama za hospitali, tufanye kiutu."

Efraimu aliitazama nyundo muda mrefu. Nilimwomba Mungu aikatae. Nilimwomba pia aichukue. Nilimwomba yote mawili, kwa pumzi moja, na sitajifanya vinginevyo.

Aliichukua kwa mkono wa kushoto. Haukuwa umezoea. Pigo la kwanza lilikosa, likavunja sakafu karibu na kidole, vipande vya saruji vikaruka. Ezron hakuvuta mkono. La pili lilipata vidole viwili pembeni, akajing'ata bega asipige kelele. La tatu lilikuwa la gumba, na hilo Efraimu alilenga, ulimi umetoka nje, kama mtoto anayeandika. Kisha akaitupa nyundo nje kupitia dirishani na kuanza kulia, kelele za mtu mzima, akigonga kichwa ukutani. Nilimfunga mume wangu kwa kanga yangu. Alikuwa ameloa jasho, lakini macho yake yalikuwa wazi.

Lusubilo hakuguswa na mtu. Alifanya biashara yake miaka mingine minane akafia kitandani, ameshiba, na kwaya ikaimba. Kigari hakikuuzwa. Ezron sasa anapiga rangi kwa mkono wa kushoto, na mtu akimletea gari alisome, humwambia hajui kusoma. Paa la mama Roda aliliezeka yeye na Efraimu, mikono miwili mizima kati yao.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, kilio kilipotulia, mama Roda alipiga magoti na tambara lake akaanza kufuta sakafu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya sakafu ikichafuka. Alifuta mpaka kwenye lile shimo la nyundo. Tambara likatoka jekundu. Alilinyanyua kwenye mwanga, macho yake mabovu, akamsogezea Ezron.

"Wewe fundi, niambie. Ni nta au ni damu?"

Mume wangu aliinama akalinusa, polepole, kwa muda mrefu.

"Ni vyote viwili, mama," akasema.